Usiku nane Marangu: maoni ya aliyebaki chini ya mlima

Wengi wa wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hawaifahamu Marangu yenyewe. Hulala Moshi mjini, huchukuliwa asubuhi na gari la kampuni, huipita Himo wakisinzia, na wanapofumbua macho tayari wako langoni wakipangiwa mizigo. Siku tano au sita baadaye hurudishwa kwa barabara ileile wakiwa wamechoka kiasi cha kutotofautisha mgomba na mbuni. Mimi nimekaa usiku nane, na sababu yake haikuwa ushujaa bali goti. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akipanda, nami nilimsindikiza hadi kituo cha kwanza, Mandara, kisha nikateremka kumsubiri. Kwa hiyo ninachokipima hapa ni kijiji kama mahali pa kuanzia safari na kurudia: malazi yake, chakula chake, vifaa vyake vya kukodi, waongozaji wake na siku zake za kungojea. Mlima wenyewe umekwisha kusifiwa na waliofika juu.

Niseme mapema nilikofikia. Mambo ambayo Marangu ilikuwa nayo kabla ya mgeni wa kwanza kufika na buti zake, yaani maji, ndizi, njia za miguu na ukarimu wa majumbani, ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Yale yaliyobuniwa kwa ajili ya mgeni ndiyo yaliyoniangusha, si yote, lakini ya kutosha kuyaandika.

Kufika hakuna shida. Kutoka Moshi hadi Marangu Mtoni ni kiasi cha kilomita 40, na magari ya abiria hayakosekani mchana kutwa, mradi uwe tayari kubanana. Himo barabara kuu inaendelea kwenda Holili kwenye mpaka na Kenya, na gari lako linaiacha na kuanza kupanda kuelekea kaskazini. Haichukui muda joto la tambarare linabaki nyuma na abiria wanaanza kufunga madirisha. Mtoni ni njia panda. Barabara moja inaendelea Mwika na Mkuu hadi Tarakea upande wa Rombo, nyingine inapanda hadi lango la hifadhi, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, katika mwinuko unaokaribia mita 1,900. Anayetarajia kijiji cha picha ya kalenda atashangaa, kwa kuwa Mtoni kuna bucha, famasi, mafundi cherehani, maduka ya vifaa vya ujenzi na kijiwe cha bodaboda ambacho hakijui kunyamaza. Neno kijiji lenyewe tunalitumia kwa mazoea tu. Marangu ni kata mbili, Mashariki na Magharibi, na nyumba zake hazikusanyika mahali pamoja, bali kila moja imejificha ndani ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, mibuni na miti mirefu ya kivuli, hata unaweza kutembea nusu saa ukidhani unakatiza shamba la mtu mmoja kumbe umepita nyumba nyingi tu.

Wenyeji hulihusisha jina la Marangu na wingi wa vijito, na usiku wa kwanza niliwaamini bila kuhitaji ushahidi mwingine. Maji yanasikika kila upande. Mengine yanatiririka mtoni, mengine katika mifongo, ile mifereji ya kale ambayo Wachagga waliichimba kuyatoa maji kwenye mito ya juu na kuyapitisha kwenye vihamba kwa zamu, ukoo kwa ukoo. Mmoja wa mifongo hiyo ulipita nyuma ya ukuta wa chumba chetu. Ninautaja kwa kuwa, katika nyumba ile ya wageni, ndiyo maji pekee ambayo hayakuwahi kukatika.

Nyumba hiyo sitaitaja jina, kwa kuwa aliyenipokea alikuwa mwema na kosa halikuwa lake. Tuliikuta kwa kuulizia, ikiwa juu kidogo ya Mtoni kwenye barabara ya kwenda langoni, na tulikubaliana shilingi 70,000 kwa usiku kwa chumba cha vitanda viwili pamoja na kifungua kinywa. Chumba kilikuwa safi. Mashuka yalinukia jua, blanketi zilikuwa mbili kwa kila kitanda na ya tatu ikaletwa bila kuombwa, jambo lililonionyesha kuwa mwenye nyumba anaijua baridi ya kwao. Dirisha lilitazama migomba, na alfajiri wingu lilipokuwa halijaamka bado, ungeweza kuiona Kibo, kilele kikuu cha mlima, ikiwa nyeupe juu ya msitu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha ikajifunika hadi kesho yake. Kwa hayo sina lawama.

Lawama yangu ni maji ya moto. Ubao uliopigiliwa mapokezi uliahidi maji ya moto saa 24. Saa mbili usiku, baada ya safari ya kutwa kutoka Dar es Salaam, nilifungua bomba nikalisubiri kwa heshima zote kama anavyosubiriwa mgeni rasmi, na kilichotoka hadi mwisho kilikuwa maji ya mlimani kama Mungu alivyoyaumba. Dada wa mapokezi alipoulizwa alieleza kwamba mtambo unatumia jua, na kwamba mchana ule kulikuwa na mawingu. Sasa, Marangu iko upande wa kusini wa mlima, ule unaopata mvua na ukungu kuliko upande wa Rombo ya chini. Mchana wenye mawingu hapa si ajali, ndiyo desturi. Aliyefunga mtambo wa jua bila akiba ya umeme wala kuni, kisha akaandika saa 24 ukutani, alikuwa ama mgeni wa eneo hili ama mtu mwenye imani kubwa. Ndoo ya maji ya moto ililetwa baadaye kutoka jikoni, ikibebwa na kijana aliyekuwa akiomba radhi kila hatua, na ndoo hiyo ndiyo iliyokuwa bafu letu kwa usiku sita kati ya nane.

Jambo la pili ni saa za jikoni. Kifungua kinywa kilikuwa kikianza saa mbili asubuhi. Saa hiyo inamfaa mtu aliye likizoni, lakini nyumba iliyo kwenye barabara ya lango la Kilimanjaro inapokea watu wanaotakiwa kuondoka mapema ili wakamilishe usajili na kufika Mandara kabla ya mvua ya alasiri. Siku ya kupanda tuliomba tuandaliwe chai saa kumi na mbili na nusu. Tuliahidiwa, na saa moja kasoro mpishi alikuwa bado anatafuta ufunguo wa stoo. Mdogo wangu aliondoka na mayai mawili ya kuchemsha mfukoni.

Chakula nacho kina kisa chake. Orodha ya vyakula ya nyumba ile ilikuwa na chipsi, tambi, kuku wa kukaanga na kitu kilichoitwa supu ya siku. Niliuliza kama kuna mtori. Dada alisema upo, ila nisubiri kidogo. Nikasubiri dakika 40 barazani, na kutoka hapo nikamwona kijana yule wa ndoo akishuka barabarani kwa bodaboda na kurudi akiwa ameshika hotipoti. Mtori ulikuwa mtamu mno, nami nikaulipia shilingi 8,000. Kesho yake nilimfuata kijana kwa macho hadi nikapajua alikokwenda: kibanda cha mama mmoja hapo Mtoni, chenye mabenchi mawili na jiko la kuni, ambako bakuli lilelile linauzwa nusu ya bei hiyo. Tangu siku hiyo nikawa mteja wa kibanda.

Naomba nikae kidogo hapo kibandani, maana kama kuna kitu kimoja ambacho ningemwambia mpanda mlima akifuate Marangu, ni hiki. Mama yule huanza kumenya ndizi mshale kabla hakujapambazuka, akizitumbukiza kwenye maji zisigeuke nyeusi. Nyama yenye mifupa inachemka peke yake katika sufuria kubwa, bila haraka, hadi inapoanza kuachia mfupa. Ndizi zinaingia baadaye, zinaiva, kisha zinapondwa kwa mwiko pamoja na mchuzi ule hadi zinakuwa laini kama uji mzito, na mwisho kitunguu, chumvi na siagi kidogo. Hakuna binzari, hakuna mbwembwe. Unapewa bakuli la bati lenye mvuke, na kipande cha nyama kinawekwa kando kwenye kisahani ili usiseme umepunjwa. Nilipomwambia shikamoo alijibu marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, kisha akauliza, "Wewe ndiye uliyeletewa jana kule juu?" Nikakubali. Akacheka hadi akaweka mwiko chini. "Basi mwanangu, leo kula kwa bei ya nyumbani."

Siku nyingine alipika machalari, ndizi na nyama vilivyoachwa vipande bila kupondwa, na siku moja kiburu, mchanganyiko wa ndizi na maharage unaomshibisha mtu hadi jioni. Kwa anayejiandaa kutembea saa nyingi sioni chipsi zinaingiaje kwenye mashindano haya, wala sielewi kwa nini nyumba za wageni zinaona aibu kuandika mtori kwenye orodha yao na haziioni kuuagiza kwa bodaboda.

Vifaa vya kukodi vinahitaji tahadhari. Mdogo wangu alikuja na buti zake, ushauri ambao kila mtu aufuate, kwa sababu buti ya kukodi haiujui mguu wako na siku ya kuzoeana nayo haipo. Vilivyobaki, yaani begi la kulalia, koti zito la usiku wa kilele, glovu na fimbo za kutembelea, alivikodi kutoka duka moja dogo. Koti lilikuwa zuri kweli. Begi la kulalia lilikunjwa vizuri na kukabidhiwa likiwa ndani ya mfuko wake, nasi kwa uzembe hatukulikunjua. Usiku ule chumbani tulipolitandaza tukagundua zipu inafunga hadi magotini na kukomea hapo. Duka lilikuwa limefungwa, na asubuhi yake tulikuwa tunaondoka. Kiongozi wetu wa mlima ndiye aliyetuokoa kwa kuazima jingine kwa jamaa yake langoni. Zipu ya kuishia magotini, chumbani Marangu, ni kichekesho. Katika kituo cha Kibo, cha mwisho kabla ya kilele, kwenye mwinuko wa mita 4,700 na ushei, ni jambo jingine kabisa. Kunjua kila kitu dukani, mbele ya mwenye duka, jaribu zipu mara mbili, washa tochi ya kichwani, na uulize betri ni za lini.

Langoni nilipenda utaratibu kuliko nilivyodhani. Huwezi kupanda bila kiongozi aliyesajiliwa, jina lako linaandikwa, na malipo ya hifadhi hayapokelewi mkononi kwa noti, hivyo anayekuja na bahasha ya fedha atarudishwa Mtoni kutafuta njia nyingine. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kiingilio kidogo mno ukilinganisha na wageni wa mbali, na asiyechukua kitambulisho chake anajitafutia hasara. Lakini kilichonishika macho ni mzani. Wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu, wanapanga foleni na kila mzigo unatundikwa, mshale unatulia, mtu wa hifadhi anasoma. Kikomo ni kilo 20. Mbele yetu mzigo mmoja ulizidi, ukashushwa, ukafunguliwa, na mchele wa kilo kadhaa ukahamishiwa kwa mgumu mwingine ambaye hakufurahi hata kidogo. Kiongozi wetu alisimama hapo hadi mzigo wa mwisho ulipopita, wala hakutuaga kwenda kunywa chai. Tulimpata kwa kupendekezewa na watu wa hapohapo Marangu, na sababu moja ya kupendelea kiongozi wa hapa ni kwamba wagumu wake ni majirani zake: akiwapunja, atakutana nao kanisani Jumapili.

Hapo langoni pia kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, baada ya majaribio yake ya awali kushindikana. Safari ile ilipita hapa, kwa ruhusa ya Mangi Mareale wa Marangu, na kijiji kinasimulia habari za kijana wake mmoja, Yohani Kinyala Lauwo, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeongoza msafara huo. Alifariki mwaka 1996, na umri anaotajiwa unazidi miaka 120. Wanahistoria wanaweza kubishana juu ya miaka yake, lakini Marangu haibishani. Kila kiongozi niliyezungumza naye alimtaja kama mtu anavyomtaja babu yake, na wawili walidai ni babu yao kweli. Neno mangi lenyewe lilinifurahisha: Dar es Salaam ndivyo tunavyomwita muuza duka wa mtaani, bila kukumbuka kwamba huku lilikuwa jina la mtawala.

Kutoka langoni hadi Mandara ni kiasi cha kilomita nane ndani ya msitu, njia pana iliyotunzwa, yenye madaraja ya mbao na mbega wanaoruka juu ya vichwa bila kujali mtu. Nilitembea pole pole kama wote wanavyoagizwa, nikafika kwenye mwinuko wa mita 2,700 na zaidi, nikaona vibanda vya mbao vyenye mapaa ya pembe kali ambavyo vimeifanya njia hii iwe ya pekee, kwa kuwa katika njia nyingine wapandaji hulala mahemani. Goti lilinikumbusha ahadi yetu. Nilikula chakula cha mchana, nikaagana na mdogo wangu, na saa kumi na moja jioni nilikuwa nimekwisha rudi Marangu pamoja na kiongozi niliyemlipia siku moja. Kwa mtu asiye na muda, fedha au magoti ya kwenda juu zaidi, safari hiyo ya siku moja peke yake inatosha kuhalalisha nauli ya kuja. Tulipishana na kundi la wanafunzi waliokuja kwa ajili hiyo tu, wakiwa na raba za shule na sauti za kuwafukuza mbega hadi Kenya.

Kisha zikaja siku za kungojea, ambazo nilizihofia bure. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Mtoni, unateremka kwa ngazi hadi chini yalipo maji, na unasimuliwa habari za Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaenda kujitupa kwa kuogopa adhabu, akabadili mawazo ukingoni, akageuka kurudi na kukutana uso kwa uso na chui. Mahali penyewe ni pazuri na kiingilio ni kidogo. Ila pale juu nilizungukwa na vijana watatu waliotaka kila mmoja awe mwongozaji wangu kwa mwendo wa dakika tano, na bei zao zilikuwa zinashuka kadiri nilivyokuwa ninatembea, hata nikashawishika kuendelea kutembea hadi wanilipe mimi. Ubao mmoja wenye bei zilizoandikwa ungemaliza fujo hiyo. Maporomoko ya Kilasia ni mbali kidogo, njia yake ni ya kuteleza, na siku niliyokwenda nilikuwa peke yangu na maji.

Mapango ambamo Wachagga wanasimulia kwamba walijificha wakati wa vita na Wamasai niliyaingia mara moja, nikiwa nimeinama hadi kiuno kikalalamika, nikatoka na udongo masikioni. Sitarudi, lakini mtoto wa miaka kumi angeyapenda.

Kahawa ndiyo iliyonilia nusu siku. Karibu kila mwongozaji anakupeleka kwenye kihamba cha mtu kukuonyesha kahawa kutoka mtini hadi kikombeni, na nilidhani ni mchezo wa kuwafurahisha wageni. Mwenye kihamba nilichopelekwa, mama wa makamo, alinitoa mawazo hayo kwa kunipa mchi. Kwanza tulichuma matunda mekundu tu, naye akayatupa bila huruma yale mawili ya kijani niliyochuma kwa haraka. Akayapitisha kwenye mashine ya mkono inayotenganisha ganda na mbegu, akanionyesha buni nyingine zilizokwisha kuoshwa na kukaushwa, kisha zikaingia kwenye kinu nami nikatwanga hadi viganja vikawaka moto, huku yeye akiimba na kunirekebisha mapigo. Akazipepeta kwenye ungo kwa mikupuo mitatu, makapi yote yakaruka na hakuna buni moja iliyoanguka. Chungu kikawekwa kwenye mafiga. Zilipoanza kupasuka na kutoa harufu, akasema zile za wageni huziepua mapema, za kwake huziacha ziwe nyeusi zaidi. Nikaomba za kwake. Kahawa ililetwa kinywani mwangu ikiwa na ladha ya moshi na ukali mtamu, nikanywa vikombe viwili nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na usiku ule sikulala.

Alinieleza pia kwamba babu yake alipanda mibuni ile baada ya mbegu kuenea kutoka misheni ya Kilema, na kwamba zamani nyumba ilijengwa, watoto wakasoma na mabati yakanunuliwa kwa kahawa, enzi chama cha ushirika cha KNCU kilipokuwa ndicho kila kitu. Sasa nusu ya mibuni imeng'olewa kupisha ndizi za sokoni. Anachopata kwa kunionyesha mimi kutwanga, alisema, wakati mwingine kinazidi anachopata kwa kuuza gunia. Hapo nikauliza swali lisilo la heshima, kwamba katika fedha niliyomlipa mwongozaji yeye anapewa kiasi gani, akanijibu kwa kuniongezea kahawa. Tangu hapo nashauri kila mtu amlipe mwenye kihamba mkononi mwake, na mwongozaji mkononi mwake.

Mbege niliionja jioni moja, kwenye kata ya kibuyu, kinywaji cha ndizi na ulezi chenye uchungu wa gome la msesewe. Ni nzito, inashibisha, na kwa asiyeizoea kata moja ni mlo. Nisingependekeza inywewe na mtu anayepanda kesho yake.

Mawasiliano yalinishangaza kwa uzuri. Mwaka 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kituo cha pili cha njia hii, kwenye mwinuko wa mita 3,720, na jioni ya siku ya pili mdogo wangu alinitumia picha ya kilele cha Mawenzi kikiwa kimegeuka rangi ya chungwa kabla hata ya kuniuliza hali. Cha ajabu, picha hiyo ilinichukua muda mrefu kuifungua kwa kuwa intaneti ya nyumba yetu, chini huku kwenye barabara ya lami, ilikuwa inapatikana karibu na friji tu. Siku ya tatu alipumzika hapohapo Horombo ili mwili uzoee hewa nyembamba. Siku hiyo ya ziada ndiyo inayotofautisha safari ya siku sita na ya siku tano, na asiwepo wa kukushawishi uiache ili uokoe gharama.

Ijumaa alfajiri niliamka bila sababu na kutoka nje. Kibo ilikuwa wazi, imetulia, na mama mmoja aliyekuwa anapita na kichwa cha majani ya ng'ombe akaniuliza kama nina mtu huko juu. Nikamwambia ninaye. Akaitazama kidogo, akasema, "Leo kumetulia, atafika," akaendelea na safari yake. Alifika kweli: Uhuru, mita 5,895, saa moja na dakika kumi asubuhi.

Jumamosi alasiri alitoka langoni akiwa na cheti, midomo iliyopasuka na hamu ya kitu kimoja tu duniani, maji ya moto. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Sitarudia maelezo. Ndoo mbili zilipatikana badala ya moja, kwa hisani ya mpishi, na msichana mmoja wa jirani alichukua buti na nguo zilizojaa vumbi akazirudisha asubuhi zikiwa safi, zimekaushwa jikoni, kwa bei aliyoitaja mara moja na hakuibadilisha. Nilimpeleka mdogo wangu kibandani Mtoni, akanywa mabakuli matatu ya mtori bila kusema neno. Mama alimhesabia mawili.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei huku ni matope mwanzo hadi mwisho, na Juni na Julai baridi yake inaingia mifupani ingawa njia ni kavu. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Septemba na hatukujuta. Desemba ifikirie mara mbili. Ndipo Wachagga wanaporudi nyumbani, kwenda kuhesabiwa kama tunavyowatania, na barabara ya Mtoni inajaa magari ya Dar es Salaam, vyumba vinapanda bei na mbuzi wanaisha. Anayetaka kuona kijiji kikiwa na watu wake wote aende wakati huo. Anayetaka usingizi kabla ya kupanda asubiri Januari.

Je, ulale Moshi au Marangu? Kama unapanda kwa njia hii, lala Marangu, na si usiku mmoja bali miwili kabla ya kupanda na mmoja baada ya kushuka. Mwili unaanza kuizoea baridi mapema, asubuhi ya kupanda una kilomita chache tu hadi langoni, na unawajua wanaokubebea mizigo. Lakini kabla ya kulipa fungua bomba, uone kinachotoka.

Jumapili tulipokuwa tunaondoka, dada wa mapokezi alituletea daftari la wageni. Niliandika habari za mashuka, blanketi na ukarimu wa kijana wa ndoo, kisha nikaandika habari za maji kwa urefu unaostahili. Alilichukua, akasoma palepale nikiwa nimesimama, akatabasamu. "Hiyo ya maji, kaka," alisema akilifunga, "wote wanaiandika." Akalirudisha kwenye droo.